Nyungu ya Mama

Kitu cha kwanza kuniharibikia kilikuwa rangi nyekundu. Nilikuwa na oda ya sare za kina mama wa jumuiya yetu, magauni kumi na mawili, na mahali pangu pa kushonea ni barazani Kashaulili, hapa Mpanda, nyuma kidogo ya soko, ambako kila mpita njia ana maoni kuhusu kazi yako. Nilishona sita, kitambaa kikaisha, nikaenda dukani kuongeza. Nina mazoea ya kufumba jicho la kulia ninapokagua kitambaa. Nikafumba, nikakagua, nikarudi na kitambaa ambacho ningeapa mbele ya padre kwamba ni kile kile.

Siku ya kuchukua, kina mama walivaa wakasimama kwenye mstari. Wakaangaliana, kisha wakaniangalia mimi. Wakasema sita ni mekundu na sita ni rangi ya tofali. Nikabisha. Mimi ni mbishi, hilo nalikubali, na siku ile nilibisha hadi jasho likanitoka, nikawaambia jua la sokoni limewachezea macho. Mwenyekiti wao, mama mpole, akanisogelea akasema, "Fundi, hebu fumba hilo jicho jingine." Nikafumba la kushoto. Sita mekundu, sita tofali. Nikafumba la kulia. Yote kumi na mawili yalikuwa tofali.

Sikumwambia mtu. Nilishona sita mapya, na baada ya wiki chache jicho likarudi lenyewe, wekundu ukawa wekundu, nami nikajisemea labda lilikuwa vumbi.

Mwaka uliofuata ulikuja mguu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mguu wa kulia ndio unaoongoza. Asubuhi moja nikakanyaga nisisikie kitu. Mguu upo, nauona, umevaa kandambili, lakini ni kama mguu wa mgeni aliyekaa kwenye kiti changu. Mshono ukaenda ovyo. Siku nyingine nikatembea kutoka sokoni hadi nyumbani, mlangoni binti yangu akaniuliza kandambili nyingine iko wapi. Sikujua. Ilikuwa imechomoka njiani, na mguu haukuniambia.

Mitaani walikwisha kupata jibu: fundi anakunywa. Walikuwa na ushahidi, maana saa tatu asubuhi nilitembea sawasawa kama askari, na saa saba mchana, nikishapiga pasi nguo tano sita kwa pasi ya mkaa, nilishika ukuta. Nani mwingine hutembea hivyo kama si mlevi? Hata mimi, ambaye sijawahi kuonja hata togwa iliyochacha, nilianza kujinusa. Nilikwenda zahanati wakanipa dawa za malaria. Nikarudi wakanipa za taifodi. Mara ya tatu wakaniambia nina mawazo. Mawazo nilikuwa nayo kweli, lakini yalikuja baada ya mguu, si kabla.

Mwishoni mume wangu, ambaye ni seremala na hapendi kitu kisichosimama vizuri, akanipeleka Mbeya. Nikaingizwa kwenye mashine inayogonga kama watu wanaoezeka bati, nikatolewa maji ya mgongo, tukasubiri. Dokta alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Alisema ugonjwa unaitwa multiple sclerosis. Alisema kinga ya mwili wangu, badala ya kupigana na vijidudu, inashambulia ngozi inayofunika mishipa ya fahamu, kama panya anayeguguna nyaya za umeme, na ndiyo maana jicho lile na mguu huu ni ugonjwa mmoja. Nikamuuliza unapona lini. Akasema hauponi, ila watu huishi nao.

Baada ya neno "hauponi" sikusikia tena. Niliona midomo ya dokta ikiendelea na mume wangu akiitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa naangalia ukosi wa koti la dokta, ulikuwa umeshonwa vibaya, nikawaza kuufumua. Nilihesabu mishono yake hadi tulipoambiwa tunaweza kwenda. Tukarudi Mpanda na vidonge na tarehe ya kurudi kliniki, na kichwani mwangu mlikuwa na neno moja tu.

Sasa ukoo wa mume wangu una baba mdogo, mdogo wake marehemu baba mkwe, mzee wa Mwamkulu anayelima mahindi na kutoa maamuzi. Alikuja nyumbani, akanitazama nikitoka jikoni kwa kushika meza, kisha viti, kisha mlango. Akasema kwa upole, "Mkwe wetu, ukae kwa mama yako kwanza, hadi upone."

Mtu asiyetoka kwetu hawezi kujua uzito wa neno "kwanza". Mwanamke mgonjwa akirudishwa kwao kwanza, cherehani hufunikwa shuka kwanza, watoto hubaki na baba kwanza, na baada ya muda huja mtu wa kumsaidia baba kupika, naye pia huja kwanza. Nimeona wanawake watatu wakienda kwao kwanza. Hakuna aliyerudi. Niliogopa kuliko nilivyoogopa Mbeya. Nikamtazama mume wangu aseme neno, akasema, "Ni wiki chache tu, mke wangu." Baba mdogo akaongeza kwamba mvua zikishika watakuja kukaa kikao huko huko kwetu, waone hali yangu, waamue.

Kwetu ni Usevya. Kutoka Mpanda gari hupita katikati ya hifadhi, na humo mna mbung'o, kwa hiyo likivuka tu mpaka wa mbuga abiria wote hufunga madirisha, hata kama ni saa sita na jua linawaka. Nimesafiri hivyo tangu nikiwa mgongoni. Siku ile nilipanda kwa miguu yangu, mume wangu akinishika kiwiko kwa adabu tu, kisha akabaki stendi. Tulipofunguliwa mlango Usevya, sikuwa na miguu. Kondakta na mama yangu walinishusha kama gunia la mpunga. Mama, ambaye alikuwa ameambiwa kwa simu kwamba naumwa mguu, aliniona nikiwa nimelegea kuanzia kiunoni, na nikaona uso wake ukiamua jambo.

Alianza kesho yake. Mama aliamka kabla ya jogoo, akaenda kuchuma mwarobaini, majani ya mpera, mchaichai na mengine aliyokataa kunitajia. Akayachemsha kwenye chungu kikubwa hadi nyumba nzima ikanuka. Akanivua, akanikalisha kwenye kigoda, chungu katikati ya miguu yangu, akatufunika mablanketi mawili mazito mimi na chungu. Ndiyo nyungu. Kila mtu anaijua, mafua, homa, uchovu wa uzazi, mtu hufukizwa akatoka jasho akapona. Nami nilitaka kupona. Nikainama nikavuta mvuke, nikahesabu hadi mia mbili kama alivyotaka.

Aliponifunua sikuweza kunyanyua hata kidole cha mguu. Jicho la kushoto lilikuwa limerudi kwenye rangi ya tofali. Nikamwambia, "Mama, imezidi." Mama akanipangusa kwa kanga, hana wasiwasi hata kidogo. "Ukiona inazidi ujue inatoka," akasema. "Ugonjwa haufukuzwi ukaondoka kimya." Alasiri miguu ilirudi kidogo, akaniambia, "Unaona?" Nami niliona. Ndilo lililonichanganya. Kila asubuhi nilikufa miguu, kila alasiri nikafufuka nusu, na mama akihesabu kufufuka.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu kila siku kwa wiki nne, na guu likawa linavunjika vile vile.

Kisha ikaja siku ya mvua. Mama alikuwa jarubani na majirani wakipandikiza mpunga, ameniacha kwenye mkeka uani, jua likiwa kali na miguu yangu imelala mbele yangu. Mvua za kwetu haziombi ruhusa. Ilishuka ghafla, nzito na ya baridi, nikaita, hakuna mtu, nikaita tena. Nikaloa hadi mfupa. Nikakasirika. Nilimkasirikia mume wangu, baba mdogo, dokta, yule panya wake wa nyaya, nikatukana maneno ambayo mama hajui kwamba ninayajua. Katikati ya matusi nikagundua nimesimama. Nikaingia ndani. Nikafika mlangoni, nikageuka kuutazama mkeka ulivyokuwa mbali, kama hatua kumi na tano, nikashindwa kuelewa ni nani aliyezitembea.

Mama aliporudi akanikuta nimesimama nakamua kanga. Alipiga magoti pale pale kwenye matope ya mlangoni, akafanya ishara ya msalaba. "Nyungu imeshinda," akasema. Nami nikaamini, kwa siku moja. Kesho yake, kwa furaha, akaongeza majani na blanketi la tatu. Nilitolewa humo nikiwa hoi kuliko siku zote.

Hapo ndipo nikaanza kufikiri kama fundi. Gauni likivuta mahali, hulaumu gauni zima, unafumua mshono mmoja mmoja hadi uupate unaovuta. Nikaanza kufumua. Pasi ya mkaa. Madirisha ya gari mbugani. Nyungu. Halafu mvua. Nikaomba ndoo ya maji ya kisima, nikamdanganya mama kwamba nataka kufua vitambaa, nikatumbukiza miguu na kujifunga kanga mbichi shingoni. Baada ya muda wa kula sahani ya wali, vidole vikacheza. Nikajaribu tena keshokutwa yake, vikacheza. Haukuwa uponyaji, miguu ilikuwa bado mizito na mkono wa kulia ulikuwa na ganzi yake. Lakini ilikuwa miguu yangu, inanisikia.

Ungetegemea nikimbie kumwambia mama. Sikuweza. Kila alfajiri nilimsikia akijikwaa gizani akitafuta panga la kuchumia majani, mwanamke wa miaka sabini, magoti yake yenyewe yakilia. Nimwambie nini? Kwamba mikono yake ndiyo inayonilaza? Nilianza mara moja, nikasema, "Mama, labda joto haliniafiki." Akajibu, "Mtoto wa Usevya haafikiwi na joto?" Akacheka, nikacheka. Nilijiona mwongo na mwoga, na bado niliinama chini ya blanketi.

Mume wangu alikuja Jumamosi, siku moja kabla ya kikao. Nikamweleza yote kuhusu joto, kwa kunong'ona, nyuma ya nyumba. Akakuna kichwa. Namjua, akikuna hivyo ana jambo.

"Hata dokta alisema hivyo," akasema.

"Alisema lini?"

"Siku ile ile. Alisema uepuke joto, usioge maji ya moto, linaamsha dalili ingawa haliongezi ugonjwa. Nilidhani ni mambo ya nchi za baridi. Hapa mtu anaepuka joto aende wapi?"

"Na ulipoambiwa nafukizwa?"

Akatazama chini. Hapo nikaelewa, na hasira yangu ikakosa pa kukaa. Kwetu mwanamume hamwambii mama mkwe habari za kuoga wala blanketi wala binti yake kuvuliwa nguo. Hata akikutana naye njiani hupisha pembeni ainamishe macho. Wiki nne mume wangu alipiga simu kila jioni, akamsalimu mama, akauliza mpunga, akauliza kuku, akajua kwamba nachemshwa, na heshima ikamfunga mdomo. Mimi nilifungwa na huruma, yeye na adabu, na mama katikati yetu akiongeza kuni.

Nilimwambia asinisemeshe hadi kesho. Alitii, naye hilo analiweza.

Jumapili mama aliamka mapema kuliko kawaida. Alitaka niwe na nguvu mbele ya wakwe. Alikuwa amepata majani kutoka ng'ambo ya mto. Niliyaona, niliona miguu yake imelowa umande hadi magotini, nikakaa kwenye kigoda. Nilijua kabisa kitakachotokea na nilikaa. Hadi leo sijui kujieleza kwa hilo.

Kikao kilianza baada ya misa, sebuleni, chini ya bati, jua limetoka kati ya mvua mbili. Baba mdogo alikuwa amevaa koti. Alishukuru kwa wali, akashukuru kwa mapokezi, kisha akasema tunataka kumwona mkwe wetu anavyotembea, kutoka pale hadi hapa tu. Mama akanitazama kwa matumaini, amekunja mikono kifuani.

Nilijishika kwenye kiti, nikasukuma. Miguu haikuja. Nikasukuma tena, nikateleza nikakaa sakafuni mbele ya wote, miguu imetawanyika. Baba mdogo akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na huruma usoni, na huruma ile ndiyo ilikuwa inanifungia cherehani. Akasema, "Basi, nadhani tumeona. Akae hapa kwanza—"

"Mama," nikasema. Sikumtazama baba mdogo. "Mama, joto ndilo linaniua miguu. Si ugonjwa unaotoka. Ni nyungu. Siku ile ya mvua nilisimama kwa sababu ya baridi."

Nikaona uso wa mama ukirudi nyuma siku moja moja, asubuhi moja moja, kama mtu anayefumua. Kisha akamgeukia mume wangu, akamtazama usoni moja kwa moja, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Na wewe mkwe ulijua?"

"Nilijua, mama," akasema, macho chini.

"Nyie wote wawili mnajua, mnaniacha nachuma majani."

Akatoka. Nilidhani ameenda kulia. Akarudi na kopo limejaa maji ya mtungini, akanimwagia kichwani, nimevaa gauni langu la Jumapili, mbele ya wakwe. Maji ya mtungi ni baridi kama ya usiku. Akatoka akarudi na la pili, akamwaga shingoni na mgongoni. La tatu, miguuni. Baba mdogo akanyanyua viatu vyake. Sijui ni makopo mangapi, mama alikuwa anakwenda na kurudi, na kila akimwaga alikuwa anasema kwa sauti ndogo, "Pole, mwanangu. Pole, mwanangu."

Kisha akaweka kopo chini, akakaa, akasubiri, na kwa kuwa yeye alisubiri wakwe nao wakasubiri. Ulikuwa muda mrefu. Ndipo nikasikia ubaridi wa sakafu kwenye unyayo wa kulia. Nikashika mguu wa meza, nikanyanyuka. Sikutembea vizuri, nisije nikasema uongo. Nilitembea kama ndama wa siku moja, nikidondosha maji, kutoka pale hadi hapa. Kisha nikarudi, maana hakuna aliyeniomba nirudi.

Baba mdogo akavua koti. Akasema ni kweli humu ndani kuna joto, na neno "kwanza" hakulirudia tena.

Sijapona. Mwezi huu mkono wa kushoto ndio mgeni, sindano naishika kwa kuitazama, maana vidole havihisi. Nashona asubuhi, mchana nalala na kanga mbichi, pasi amechukua mume wangu, anapiga vibaya. Kuna siku naamka sijui nitakuta nini chini ya shuka, na kuna siku nakasirika bila kujua namkasirikia nani. Kliniki naenda, na sasa naenda na daftari, naandika mwenyewe kila anachosema dokta.

Lakini nilitaka kusimulia safari ya kurudi. Mama alisema atanisindikiza hadi Mpanda. Tulipofika mpaka wa mbuga abiria wakafunga madirisha kama kawaida, yote isipokuwa letu. Mama alikuwa amekaa upande wa dirisha na amelifungua hadi mwisho. Mbung'o wakaingia. Watu wakalalamika, mwanamume mmoja nyuma akasema, "Mama, funga hapo, unataka tuliwe?"

Mama hakugeuka. "Nimemchoma mwanangu mwezi mzima," akasema. "Wewe vumilia saa moja."

Mbuga yote aliipita hivyo, amenikinga kwa mwili wake, akiwafukuza mbung'o kwa kanga, akipiga, akiumwa, akipiga tena, na upepo ukiniingia shingoni. Nilimwambia afunge kidogo, akaniambia ninyamaze. Tulipofika stendi ya Mpanda mikono yake ilikuwa imevimba hadi kwenye viwiko. Nilishuka kwa miguu yangu, nikageuka, nikamshika mkono ashuke.